Upepo wa Mgongoni

Saa kumi na moja alfajiri, birika halijalia,
simu inasema: upepo wa mashariki, mita kumi na moja kwa sekunde,
wimbi mita moja na nusu, na sekunde kumi na tatu
kati ya wimbi na mwenzake.
Nimeziandika nyuma ya risiti ya mkate.
Namba za kwenye kioo hunipita tu;
za kalamu hunikodolea macho.

Solvej amekwisha kufunga mbao juu ya gari.
Ana miaka kumi na sita na tanga jipya
alilolinunua kwa kuosha vyombo kiangazi kizima,
mikono ikinuka samaki hadi shuleni.

Tunaikata Jutlandi kwenda magharibi,
shayiri huku, shayiri kule,
na mitambo ya upepo imetugeukia yote, uso kwa uso,
kama watu waliotaka kusema jambo wakaghairi.
"Upepo unatusukuma," Solvej anasema,
"hata mafuta tunaokoa."
Ndiyo, mwanangu. Unatusukuma.

Norklit. Tunashuka.
Bahari imepigwa pasi.
Ukingoni hakuna hata kunyanzi,
na hapo ndipo shaka iliponishika kiunoni.

Nikapanda juu ya handaki la zege, la vita vya babu zao,
nikaanza kuhesabu.
Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Likaja:
refu, halina haraka, limetoka dhoruba ya juzi
huko karibu na Aislandi,
na upepo ukalichana nywele kwa nyuma
likavunjika zuri mno.
Kisha kimya. Kisha matatu kwa mpigo.

Nikachota mchanga, nikauachia.
Ukaenda baharini.
Majani ya matutani yameinamia baharini.
Moshi wa kibanda cha Eskild, baharini.
Kila kitu kinanyoosha kidole upande mmoja.
Na kule mbali, matuta yanapoacha kukinga,
maji yana meno.

Eskild anapanga soseji, hatoi ushauri.
Anasema tu: "Leo kofia yangu ikiruka, naiaga."

"Mama, watu hulipia siku kama hii."
"Kwenda ni bure, Solvej. Nauli ni ya kurudi."
"Nitakaa karibu."
"Mlingoti ukikatika, karibu ni Uskoti."

Hakucheka. Nami sikuwa nimetania.

Wakaja vijana wawili, gari lao la Hamburg,
wakavaa, wakaunga matanga huku wakipiga mluzi,
wakaingia.
Saa nzima niliwafuata kwa macho
kama mdai anayefuata mdeni sokoni.
Wakarudi.
Wamelowa, wanacheka, wana njaa,
mmoja akanunua soseji tatu.

Solvej hakuniambia neno.
Angeniambia ningejua pa kuanzia.

Uamuzi kama wangu hauachi ushahidi.
Ukikosea kwa kwenda, mawimbi yatatoa hukumu;
ukikosea kwa kubaki, unabaki tu,
na mchanga viatuni, na kahawa iliyopoa,
na mtoto anayefungua kamba alizozifunga mwenyewe
alfajiri, gizani, kwa furaha.

Tukajaribu ghubani, nyuma ya kijiji,
maji ya kiunoni, matope, bata wawili.
Upepo ulikuja vipande vipande.
Alianguka mara tisa. Ya kumi
akapita mbele yangu kwa kasi hata nikasahau kuhesabu.

Jioni tukirudi, mitambo ile ilikuwa imetupa mgongo.
Haikugeuka hata mmoja.
Ni sisi.

Solvej alilegeza mkanda wa gari,
akaokota risiti iliyoanguka miguuni pake,
akaisoma upande wa namba, kisha upande wa mkate.
"Siagi," akasema. "Ulisahau siagi."
Akaikunja mara mbili
akaitia mfukoni mwake.